Pikipiki Yangu ya Nathenje

Jumanne ile niliamka fundi cherehani wa kawaida, na kabla chai haijachemka nikawa mwenye mashine ya kudarizi. Mashine yenyewe ilikuwa bado dukani kwa Bambo Nyangulu, kule Biwi, Lilongwe, imefunikwa nailoni. Lakini ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yangu: mkopo umekubaliwa, njoo uchukue mashine kabla ya Ijumaa jioni. Nikapiga yowe. Nikatoka nje na taulo kichwani, nikacheza katikati ya njia mpaka mbuzi wa jirani akahama.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, mtu akipiga yowe la furaha, watu wanafikiria jambo moja tu: amepata nchi ya kuhamia. Maman Nadège alikuwa wa kwanza kufika, mkono mmoja una unga.

"Ni Canada?" akauliza. "Banakuita Canada?"

"Ni mashine!"

"Mashine ya Canada?"

"Ya kudarizi, Maman! Iko Biwi!"

Alivunjika moyo kidogo, nikamwona, lakini alikuwa tayari amekuja, basi akacheza na mimi. Mtu hatoki nyumbani na unga mkononi arudi bila kucheza.

Nieleze kwa nini nilirukwa na akili. Kwaya ya kanisa letu ilitaka sare mpya, zenye jina la kwaya limedariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu, na rais wa kwaya alikuwa ametangaza mbele ya wote: Rosette akipata mashine kabla ya Jumapili, kazi ni yake, asipopata, vitambaa vinakwenda kwa fundi mmoja wa Likuni. Huyo fundi wa Likuni simjui, lakini nilikuwa nimemchukia wiki mbili nzima kwa bidii. Kazi ya kwaya ingelipa mashine, na mashine ingenitoa kwenye kushona viraka vya suruali za shule. Nilikuwa nimeota uzi ule wa dhahabu mpaka nikaamka nikiutafuta kwenye shuka.

Mama yangu hakucheza. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni akichambua maharage, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kambi nzima inamwita Mama Rosette, kwa sababu mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Kwetu ndivyo ilivyo tangu Bukavu: mwanamke akishazaa, jina lake analiweka chini na kuchukua la mtoto. Nimeishi naye miaka ishirini na tisa, na sijawahi kusikia mtu akimwita vingine, isipokuwa maofisa wanaosoma karatasi.

Saa sita mchana ukaingia ujumbe wa pili, kutoka kampuni ileile ya mikopo ya simu. Jina lake silitaji, maana nimemwona wakili wao na anavaa tai hata kwenye joto. Ujumbe ulisema: Ndugu mteja, watu wasiohusika wameingia kwenye mitambo yetu. Huenda wameona jina lako, namba yako ya simu, tarehe yako ya kuzaliwa na picha za karatasi zako. Tafadhali fuatilia rekodi yako ya mikopo.

Nikamsomea mama.

"Baone," akasema, akitupa harage bovu. "Siye tuko na nini ya kuficha? Baone tu, na bakishamaliza batuombee."

Nikacheka. Huo ulikuwa mwisho wa kucheka kwa siku ile, kwa sababu kabla harage la mama halijaiva Bambo Nyangulu akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa kuku na anadhani ni wewe.

"Dada Rosette, nimeambiwa nisikupe mashine. Kampuni inasema una mkopo mwingine, na malipo ya kwanza hujalipa."

"Mkopo gani?"

"Wa pikipiki. Uliichukua Nathenje."

Mimi pikipiki naijua ya kupandishwa tu, nyuma ya dereva, macho nimeyafumba na midomo inasali. Nathenje nilipita mara moja, kwenye basi, nikiwa nimelala.

"Bambo, mimi sina pikipiki."

"Mashine inakusubiri mpaka Ijumaa," akasema. "Baadaye kuna mtu mwingine anaitaka. Pepani, unisamehe."

Kosa langu lilikuwa kurudia maneno hayo kwa sauti mbele ya mlango. Kuta za matofali ya udongo hazizuii kitu. Jirani akipiga chafya unamwitikia ukiwa kitandani kwako. Kufikia jioni soko zima lilijua kwamba Rosette ana pikipiki Nathenje, na watu wakaja kunipongeza! Mmoja alileta ndizi. Maman Nadège aliomba nimpeleke Likuni hospitali akapime presha, "ju weye hauwezi kunikatala, nilicheza na weye asubuhi." Épitace, ambaye ni dereva wa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na anajivunia kwamba hajawahi kumwangusha abiria mjamzito, alikuja amevaa shati safi kuomba kazi ya udereva.

"Épitace, ile pikipiki haiko yangu! Kuko mwizi alinunua na jina yangu!"

"Sawa, dada," akasema kwa heshima. "Lakini akiirudisha, unikumbuke."

Nilikula ndizi ile kwa hasira. Kuibiwa sufuria naelewa, unaenda kwa jirani unaazima nyingine. Lakini mtu kuchukua jina lako na kutembea nalo Nathenje, kuketi nalo juu ya pikipiki, kulipigisha honi! Na wewe uko Dzaleka na jina lilelile, unalitumia taratibu, unaliogesha kila Jumapili. Nilikasirika mpaka nikawashwa masikio.

Alhamisi nilipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, na mama akapata ya kwake. Nilimwambia abaki. Alikuwa tayari amevaa kikwembe chake cha sikukuu, kile chenye feni nyekundu, na kilemba kirefu kilichotangulia kuingia kila mlango.

"Banaiba jina ya mutoto yangu," akasema, "na hiyo jina njo yangu pia. Nitakwenda kuiona hiyo biro."

Ofisi ya kampuni ilikuwa na kiyoyozi, kalenda ya simba, na foleni ndefu. Nusu ya foleni nilikuwa naijua. Wakati kampuni ilipokuja Dzaleka, watu wake walikuwa wamesimama nje ya kanisa letu baada ya ibada, wakisajili watu, na sisi tukitoka kwenye baraka huwa hatukatai kitu. Kila mmoja alikuwa na balaa lake. Bwana mmoja mrefu kutoka Uvira, anaitwa Guy, alikuwa ameambiwa ana friji mbili, naye nyumba yake haina umeme.

Tulipofika mbele tulipokelewa na Mayi Chimaliro, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na uso wa mtu ambaye hajanywa chai tangu uvamizi utokee. Alizungumza Kichewa na Kiingereza kwa kuchanganya. Mimi navielewa vyote, na hapa nawawekea kwa lugha yetu ili tusichelewe.

Kwanza alifungua picha kwenye kompyuta yake. Duka la Nathenje lilikuwa limempiga picha mteja siku alipochukua pikipiki, kama wanavyofanya. Akatugeuzia kioo.

Nilijiona. Nilikuwa mwanaume wa makamo, nina ndevu, nimekaa juu ya pikipiki nyekundu na kuinua dole gumba.

Mama alisogea mpaka pua ikagusa kioo. "Huyu njo Rosette?" akauliza polepole. "Mi nilizala huyu?"

Hapo nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha. Nilikuwa nimebeba hasira kutoka Dzaleka, nimeishika vizuri nisiimwage njiani, na dole gumba lile likaipasua. Mayi Chimaliro naye akauma mdomo.

"Hii inatosha kupinga deni," akasema. "Nafunga rekodi yako sasa hivi, ili mtu yeyote asiweze kukopa kwa jina lako, na pikipiki tunaiwekea alama kwamba si yako. Lakini lazima ujue aliingiaje. Hakuvunja kitu. Alipiga simu hapa, akasema yeye ni ndugu yako, Rosette ana homa ya koo hawezi kuongea, simu imepotea, anataka tuongeze namba nyingine ya muda. Tukamuuliza tarehe ya kuzaliwa ya Rosette. Akasema tarehe mosi Januari."

"Njo hiyo," nikasema kinyonge.

Mayi Chimaliro hakujua, lakini nyinyi mnajua. Siku tunapoandikishwa kambini, asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa anaandikiwa tarehe mosi Januari, na wengi vyeti vyetu viliungua, au vilibaki kwenye kabati ambalo sasa ni la mtu mwingine. Mama anasema nilizaliwa siku ya mvua ya mawe, wakati wa palizi, na Januari haikuhusika. Lakini Mwaka Mpya nusu ya Dzaleka tunatimiza miaka pamoja, na keki hakuna.

"Halafu," akaendelea, "tukamuuliza swali lako la siri, lile ulilojibu siku ya kujisajili. Mama yako anaitwa nani? Akajibu palepale."

"Alijibu nini?"

Mayi Chimaliro akasoma kwenye kioo. "Mama Rosette."

Mama alipiga makofi. "Njo mi!" Kisha uso ukabadilika, akanigeukia. "Huyu mwizi ananijua? Ananijua na hata hakutuma salamu?"

"Mama, hakujui. Alijua jina yangu tu. Ukijua mi ni Rosette, mama yangu ni Mama Rosette!"

Nilisema hayo kwa nguvu, na maneno yaliponitoka nikayasikia. Nyuma yangu foleni pia iliyasikia.

"Ngoja," Guy akasema. "Hiyo jibu iko mubaya? Mi niliandika Mama Guy."

"Mi Mama Lucie!" dada mmoja akapaza sauti, akishika kifua.

"Mama Charlène!"

"Mi niko mwenye akili," mzee mmoja akajigamba kutoka mwisho kabisa. "Mi sikuandika jina yangu. Niliandika Mama Jeannette, ya dada yangu mukubwa."

"Nyamazeni!" Mayi Chimaliro akasimama, miwani ikaruka. "Msiseme! Hayo ni majibu ya siri! Mnayasema mbele ya watu wote!"

Ni kama kumwambia mtu asicheke kanisani. Kila aliyesikia kelele alitaka naye aseme lake, wengine kwa hofu, wengine kwa kutaka kujua kama liko sawa. Mama Maombi, Mama Rémy, Mama Rémy wa pili. Askari wa mlangoni alifunga mlango ili siri zisitoke barabarani. Mayi Chimaliro alikuwa amekaa tena, amelaza kichwa juu ya meza, na mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso ulikuwa umelowa machozi, lakini alikuwa anacheka kuliko sisi wote.

"Mungu wangu," akasema. "Wezi walitumia kompyuta za bei mbaya kuwaibia. Wangekuja tu kuwasalimia."

Tukacheka tena, maana ilikuwa kweli. Hata mama alicheka, ingawa naona hakupenda kuitwa jibu baya.

Tulipotulia, Mayi Chimaliro alipangusa miwani na kuwa ofisa tena. "Sasa, Rosette. Nikifungua rekodi yako kwa ajili ya mashine, lazima kwanza uweke jibu jipya. Liwe jambo ambalo halipo kwenye karatasi yoyote, na ambalo jirani yako hawezi kulijua. Bila hilo sifungui, kwa sababu yule mwenye ndevu atarudi kesho."

"Jina ya ubatizo ya mama," nikasema mara moja. "Léoncie."

"Lipo kwenye karatasi ya familia uliyotuma. Picha yake wameiona."

Sawa. Nikafikiri. "Chakula ninachokipenda. Sombe."

"Bantu bote ya Bukavu banapenda sombe," foleni ikasema.

"Wimbo ninaoupenda..." Sikumaliza, watatu walikuwa wameshaanza kuuimba. Nauimba kila Jumapili mstari wa mbele.

Nikataja mwalimu wangu wa kwanza. Nilishawahi kumtaja kwenye ushuhuda. Nikataja jina la mbuzi wetu wa zamani. Ushuhuda wa mwaka jana, tena kwa machozi. Kwetu kanisani Jumapili mtu anasimama na kueleza yote ambayo Mungu amemtendea, na ili yaeleweke inabidi aeleze kwanza yote yaliyomfika. Nimesimama mara nyingi mno. Napenda kipaza sauti. Nilizunguka ndani ya kichwa changu nikifungua kila droo, na kila droo nilikuta watu wa Dzaleka wamekaa humo wananipungia mkono.

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Biwi haikuwa mbali, lakini ruhusa yetu ya kutoka kambini ilikuwa ya siku ile tu, na Ijumaa nisingepata nyingine. Nikaona vitambaa vya kwaya vinapakiwa kwenda Likuni. Nikamwona yule fundi nisiyemjua, akitunga uzi wangu wa dhahabu kwenye sindano yake.

Nilikuwa na kitu kimoja cha mwisho. Nikainama karibu kabisa na Mayi Chimaliro, nikanong'ona jina la mpiga gitaa la besi wa kwaya yetu, ambaye nampenda na sijawahi kumwambia mtu.

"Eliezer?" mama akasema kwa sauti ya kawaida. "Hiyo kila mutu anajua."

"Hata Eliezer mwenyewe anajua," foleni ikathibitisha. "Anangoja useme."

Nikafunika uso kwa mikono miwili. Furaha na aibu vilinipanda pamoja, sikujua nicheke kwa kipi. Anangoja niseme! Lakini pia nilitaka kulia, kwa sababu mimi ni mtu mzima, nina meno yote na cherehani yangu mwenyewe, na sina siri hata moja duniani. Hata ya kufungulia mlango.

"Sina, Mayi," nikasema. "Sina siri. Niliisha kusema zote."

Mayi Chimaliro aliondoa mkono kwenye kibodi. Aliniangalia kwa huruma, na huruma yake ilinitisha kuliko ukali.

Basi mama akanivuta mkono. Alinigeuza nikawa nimeupa mgongo ule umati, akavua kilemba chake kirefu, akakishika mbele ya nyuso zetu kama pazia. Sijui kama niliwahi kumwona bila kilemba mbele za watu. Nywele zake zina mvi kwenye mstari mmoja tu, katikati.

"Nitakuambia kitu," akanong'ona. "Lakini hautashuhudia."

"Sitashuhudia."

"Hata kwa Eliezer."

"Mama!"

"Mama yangu, kule Kabare, alikuwa na jina ananiita. Haiko ya ubatizo, haiko ya karatasi. Ya kwake tu. Jioni anasimama mu migomba anaiita, mi natoka chini ku mto na maji, naitika. Papa yako hakuijua. Siku mama alikufa, hakuna mutu aliniita tena ivi."

Kisha akalisema sikioni mwangu.

Msinitazame hivyo. Siwaambii. Nitasema tu kwamba ni jina dogo la Mashi, lugha ya kwao Kabare, na lilitoka kinywani mwake na sauti nyingine, nyepesi, sauti ya msichana anayekimbia mlima na ndoo kichwani huku amekawia na anajua amekawia. Nilimtazama mama yangu. Siku zote nilidhani alianza siku nilipozaliwa mimi, pamoja na mvua ya mawe. Haikuwahi kunijia akilini kwamba kuna mtu aliwahi kumwita aje kula.

Nililia kidogo, nyuma ya kilemba. Yeye hakulia. Alikuwa ameona haya, akanipiga kiwiko.

"Andika haraka," akasema. "Nafwa na baridi ya kichwa."

Mayi Chimaliro alinipa kibodi na kugeuza uso wake mwenyewe, kabisa, akaitazama kalenda ya simba. Nikaandika. Herufi zilionekana kama nukta tu, hata mimi sikuziona. Kompyuta ikawaza. Halafu ikafunguka, na rekodi yangu ikasimama pale mbele yangu, safi, ina jina langu, na pikipiki imepigwa mstari mwekundu.

"Zikomo, Mayi," nikasema, nikitaka kumbusu.

"Kila wiki uiangalie," akaniamuru. "Ukiona kitu usichokijua, unakuja siku hiyohiyo. Na mtu akikupigia simu akasema ni sisi, akakuuliza jibu lako, sio sisi. Sisi hatuulizi kwa simu. Umesikia?" Akaielekezea foleni kidole. "Na ninyi pia mmesikia? Haya, nani anafuata, na aje amefunga mdomo!"

Tulipokuwa tunatoka, Guy kutoka Uvira alikuwa ameshika simu sikioni, ameinama kwenye kona, anasema, "Maman, niambie kitu yenye hakuna mutu anajua. Hapana, usipige kelele. Maman, usipige kelele."

Bambo Nyangulu alitukabidhi mashine saa moja kabla ya kufunga duka, na alitoa nailoni mwenyewe kwa heshima ya kutoa shela. Tukarudi na matola, pikapu ya kubeba watu na mizigo, mama amekaa mbele na dereva, mimi nyuma nimeikumbatia mashine yangu na upepo unanijaa mdomoni kwa sababu sikuweza kuufunga. Épitace alitungojea barabarani atubebee mpaka nyumbani. Aliuliza pikipiki yangu iko wapi. Nikamwambia inanyolewa ndevu. Hakuelewa, lakini alicheka.

Jumapili nilisimama kanisani. Nilishika kipaza sauti nikasema, "Leo nashuhudia kwamba kuna jambo sitawaambia." Kanisa likaguna. Mchungaji aliniuliza mara mbili kama nimemaliza. Nilikuwa nimemaliza, na ulikuwa ushuhuda wangu mfupi kuliko yote. Eliezer, nyuma ya gitaa lake, alinitazama mpaka akakosea kuanza wimbo. Hayo yake nitayaeleza siku nyingine, au sitayaeleza, maana sasa nimeanza kuonja utamu wa kunyamaza.

Wiki iliyofuata simu ililia wakati nadarizi herufi ya tatu ya kifua cha rais wa kwaya. Mikono yangu ilikuwa na kazi, mama akapokea. Sauti ya mwanaume, laini sana, ilisema inapiga kutoka kampuni na inataka kuhakikisha usalama wa Rosette.

"Karibu sana," mama akasema. "Habari ya kwako? Bibi anaendelea? Na batoto? Baliamka? Kunyesha kwenu kuko?" Alimsalimia mpaka sauti ikaanza kupoteza ulaini. Mwishowe ikauliza: ili kuhakikisha tu, jina la mama yake Rosette ni nani?

Mguu wangu ukasimama juu ya mashine.

"Jina yangu?" mama akasema, mtulivu, akipuliza maganda ya maharage. "Mi ni Mama Rosette. Uliza bantu bote ya Dzaleka."

Yule bwana alishukuru na kukata haraka, bila shaka mwizi mwingine asiyejua kwamba jibu hilo limeshazeeka, akakimbilia kujaribu. Tulicheka mpaka Maman Nadège akaja kuuliza kama ni Canada.

Sasa kila Jumatatu asubuhi, kabla sijagusa uzi, nafungua simu niangalie rekodi yangu. Mstari unatokea, unaniuliza lile neno, na mimi naliandika herufi moja moja, taratibu kuliko inavyohitajika. Mama anajifanya hana habari. Anachambua maharage yake mlangoni, anawasalimia wapita njia, kila mmoja anamjibu Mama Rosette, Mama Rosette. Lakini mikono yake inasimama, najua bila kumtazama.

"Umeniita?" anauliza.

"Nimekuita, mama."

"Na nimeitika?"

Natazama kioo cha simu. Imefunguka.

"Umeitika."